Ukifundisha sheria za Jim Crow, anza na kifungu chenyewe

Mwaka wa kwanza nilipofundisha Jim Crow, yaani sheria za Marekani zilizowatenga watu Weusi na Wazungu, nilifanya jambo ambalo nakuomba usilirudie. Niligawa darasa mafungu mawili kwa vitambaa vya rangi: hawa wakae mbele vitini, wale nyuma sakafuni, kipindi kizima. Nilidhani watayaonja machungu. Wa mbele waligeuza mchezo. Binti mmoja wa nyuma, ambaye wenzake walikuwa wakimtania kwa weusi wake tangu zamani, alilia mpaka kengele ikagonga. Kesho yake nilimwomba radhi. "Haya, mwalimu," akasema, akaangalia pembeni.

Mwaka uliofuata nikakimbilia kwa mashujaa. Rosa Parks, mama Mweusi, alikataa amri ya dereva ya kumwachia Mzungu kiti cha basi tarehe 1 Desemba 1955, kisha watu Weusi wa mji wake wa Montgomery, Alabama, wakasusia mabasi siku 381. Kisa kilipendwa, ila wanafunzi walitoka na picha ya dereva mkorofi na mama jasiri, basi. Kwamba yule dereva alikuwa na kanuni ya mji nyuma yake, hilo liliwapita.

Siku hizi naanza na maandishi ya sheria. Nawasomea polepole ile ya jimbo la Louisiana ya 1890: treni ziwe na mabehewa tofauti, ya Wazungu na ya watu Weusi, lakini "sawa" kwa ubora. Halafu nawaonyesha mstari ambao wengi huuruka: sheria haiwahusu yaya wanaowahudumia watoto wa rangi nyingine. Nanyamaza. Huchukua kama dakika hivi, kisha mtu anashtuka: "Kumbe mama Mweusi anaruhusiwa kukaa na Wazungu, mradi amebeba mtoto wao?"

Ndiyo. Akimrudisha mtoto kwa wenyewe, kiti kilekile kinakuwa kosa. Sijapata maelezo yangu yoyote yanayoshinda huo mstari mmoja. Wanafunzi wenyewe wanaona kwamba hofu haikuwa ya kukaribiana, ila ya kukaa kama mtu aliye sawa nawe.

Hapo ndipo Homer Plessy anapoingia. Mwaka 1892 aliketi behewa la Wazungu kwa makusudi ili akamatwe na sheria ipelekwe mahakamani. Kati ya wazazi wanane wa babu na bibi zake, saba walikuwa Wazungu. Kwa kumtazama tu usingemtambua kuwa kisheria alihesabiwa Mweusi. (Kampuni ya reli nayo haikuipenda sheria hiyo. Mabehewa ya ziada ni gharama.) Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kura 7 kwa 1. Jaji John Marshall Harlan peke yake ndiye aliyepinga, na tengano likapata kibali kilichodumu hadi kesi ya Brown, 1954, mahakama hiyohiyo ilipokataza kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi.

Vifungu vidogo vinafundisha kuliko vikubwa. Birmingham, Alabama, ilikuwa kosa Mweusi na Mzungu kucheza pamoja karata, dhumna au drafti. North Carolina, kitabu cha shule kilichoanza kutumiwa na rangi moja hakikuruhusiwa kuhamia kwa nyingine. Mpe mwanafunzi kitabu chake mkononi unapomsomea hicho cha pili.

Kuhusu madhara, usihubiri. Mimi huwapa ule mtihani wa kusoma na kuandika uliotumika katika baadhi ya maeneo ya Louisiana mwaka 1964 kwa watu waliotaka kujiandikisha kupiga kura: maswali 30, dakika 10, kosa moja umeanguka. Swali la kwanza linaagiza uzungushie mstari namba au herufi ya sentensi hiyohiyo. Namba, au herufi? Kila mwaka darasa linagawanyika.

Mara ya mwisho nilipousimamia, kijana mmoja wa dawati la nyuma aliweka kalamu chini kabla ya dakika ya nne. Nikamuuliza mbona haendelei.

"Mwalimu, nani anasahihisha?"

Nikamwambia: afisa wa uandikishaji, na yeye ndiye anayeamua jibu lipi ni sahihi. Hakuichukua tena kalamu.