Kimbunga kikielekea Beira, malori ya Lubumbashi yasimame wapi?

SWALI: Ofisi yetu hapa Lubumbashi inapeleka shaba katika bandari ya Beira, na malori hurudi na salfa. Kila msimu wa mvua habari za kimbunga hutufikia wakati magari yameshaingia Zimbabwe. Kwenye intaneti naona ramani nyingi, na kasi ya upepo inatofautiana kati ya tovuti moja na nyingine. Nifuate data ipi, na niamue vipi kusimamisha magari?

JIBU: Mama, tuanze na kasi ya upepo, kwa kuwa hilo halina mengi. Kituo chenye dhamana ya kufuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni cha Météo-France, kilichoko La Réunion, nacho hutoa wastani wa upepo wa dakika 10. Kituo cha jeshi la Marekani hutumia wastani wa dakika 1, ambao kwa dhoruba ileile huwa namba kubwa zaidi. Vyote viwili viko sahihi, ila usizichanganye namba zao. Mimi nakushauri ubaki na La Réunion. Kimbunga kikiwapo, kituo hicho hukichambua kila baada ya saa 6, yaani 02:00, 08:00, 14:00 na 20:00 kwa saa za Lubumbashi, ambazo ndizo saa za Beira pia, na taarifa hutoka muda mfupi baadaye.

Hata hivyo, kwa kazi yako upepo si jambo la kwanza. Kinachozuia malori ni maji, na maji hayo huja kwa njia mbili: baharini na mitoni.

Kwa upande wa bahari, usiisome ramani ya kimbunga bila kuwa na jedwali la maji kujaa na kupwa la Beira. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pale huzidi mita 6. Kimbunga Idai kilipiga usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, mwezi ukiwa katika robo ya kwanza, kwa hiyo bahari ilikuwa katika maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana, na bado mji uliumia vibaya. Kingefika wiki moja baadaye, mwezi ukiwa mpevu, na kikakuta maji yamejaa, mawimbi yake yangepanda juu ya bahari iliyo juu zaidi kwa kiasi kikubwa.

Angalia pia kitovu kinapita upande gani wa mji. Katika nusu ya kusini ya dunia upepo wa kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mikono ya saa, kwa hiyo kimbunga kinachotoka mashariki husukuma bahari kuelekea nchi kavu upande wa kusini wa kitovu, na upande wa kaskazini huisukuma kurudi baharini. Kitovu kikipita kilomita 60 kaskazini ya Beira, bandari iko upande mbaya. Kikipita kilomita 60 kusini, maji ya bahari yatakuwa na nafuu, ingawa mvua haitakuwa na nafuu yoyote. Bahari iliyo mbele ya Sofala, mkoa wenye Beira, haina kina kikubwa, na hapo ndipo msukumo wa upepo hupandisha maji sana. Kushuka kwa kanieneo ya hewa peke yake huongeza takriban sentimita 1 tu kwa kila hektopaskali (kipimo cha kanieneo) inayopungua.

Mitoni ndiko ninakokuomba uweke macho zaidi, maana huko ndiko ofisi nyingi hushtukizwa. Mito ya Pungwe na Buzi huanzia katika milima ya Zimbabwe, na barabara ya EN6 inayowashusha madereva wako kutoka Machipanda, mpakani mwa Zimbabwe, hukatiza bonde la Pungwe kabla ya kufika Dondo. Baada ya Idai mafuriko yaliendelea kutanda kwa siku kadhaa upepo ukiwa umeshatulia, barabara hiyo ikakatika, na Beira ikatengwa na bara. Kwa hiyo tazama mvua iliyonyesha Chimanimani na Nyanga, kwenye milima hiyo ya Zimbabwe, siyo ya Beira peke yake. Mfumo wa GloFAS wa Umoja wa Ulaya hutoa bure utabiri wa mtiririko wa mito, na picha za rada za setelaiti za Sentinel-1 huonyesha maji yaliyotanda hata chini ya mawingu.

Ile koni ya utabiri, yaani eneo linalopanuka mbele ya kimbunga kwenye ramani, huonyesha mahali kitovu kinapoweza kupita. Haionyeshi mpaka wa mvua, ambayo huweza kuenea mbali nje yake. Koni ikigusa pwani ya Sofala ndani ya siku 5, mimi nisingeruhusu gari lolote lipite Harare. Lililokwisha kupita lingesubiri Mutare, mji wa Zimbabwe karibu na mpaka wa Msumbiji, penye sehemu ya kuegesha na chakula cha dereva, badala ya kulifukuza lifike bandarini kabla ya dhoruba na kujikuta limesimama tambarare. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, inakupa saa za kufikiri, zitumie.

Wala usifute kimbunga kwenye ubao kwa sababu kimeshaingia nchi kavu. Idai iliingia Msumbiji mara ya kwanza tarehe 4 Machi ikiwa bado dhaifu, ikamwaga mvua hadi Malawi, kisha ikarudi baharini na kupata nguvu. Kimbunga Freddy kilifanya vivyo hivyo mwaka 2023: kilipiga Msumbiji 24 Februari, kikarudi tena 11 Machi.

Kuhusu kubadili njia, Dar es Salaam iko karibu na ikweta na vimbunga huifikia kwa nadra, ingawa kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania Mei 2024. Lobito, bandari ya Angola, iko upande wa Atlantiki, ambako tishio hili karibu halipo.

Siku ya kuyaachilia magari, neno la bandari kwamba imefunguliwa halitoshi. Mpigie dereva au wakala aliyeko Nhamatanda, kwenye EN6, akuambie maji yako umbali gani na lami, kisha umuulize tena baada ya saa 12; kama bado yanapanda, magari yabaki Mutare.