Nilikwenda Kurekodi Omena Usiku wa Mbalamwezi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Busia aliniandikia: "Kaka, Jumamosi nina mahojiano na wazee wa boda boda za baiskeli. Simu yangu inapiga video safi na nimeandika maswali 25. Kuna kitu nimesahau?" Nilikuwa kwa kinyozi hapa Section 58, Nakuru. Nilicheka peke yangu hadi kinyozi akazima mashine. Sikumcheka dada. Maswali 25! Mimi nilikuwa nayo 31.

Ilikuwa Agosti mwaka juzi. Nilitaka kutengeneza ripoti ya dakika nne kuhusu akina mama wanaokausha omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, huko Luanda K'Otieno, kaunti ya Siaya, pale feri inapovukia kwenda Mbita. Nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Nikaipanga safari baada ya kufunguliwa, nikajiona mtafiti. Nilikodi maiki mbili za kubana shatini, nikamwomba rafiki yangu aje na kamera yake, tukalala Kisumu. Saa tisa usiku tulikuwa ndani ya Probox tukielekea Ndori. Nakumbuka nikimwambia rafiki yangu, "Ona mwezi ulivyo mkubwa, barabara yote inaonekana." Naye akasema kweli, ni mzuri sana.

Tulifika mapambazuko. Mitumbwi imevutwa nchi kavu. Vijana wawili wanashona wavu. Nyavu za kuanikia zimetandazwa chini tupu kabisa, na juu ya mmoja amelala mbwa.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri, mwanangu. Mmekuja kununua?"

"Tumekuja kupiga video ya omena."

Yule mama alinitazama, akaitazama maiki yangu yenye manyoya, kisha akainua kidevu kuelekea magharibi, ambako mwezi ulikuwa bado unaning'inia juu ya ziwa. "Dwe yote hiyo unaiona," akasema, yaani mwezi, "na bado unaulizia omena?"

Kwa wale ambao, kama mimi wakati ule, wamekulia mbali na ziwa: omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri au za sola. Taa huelea juu ya maji, samaki hao wadogo wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, na taa yako haina la kuwaambia samaki. Ndiyo maana siku hizo wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Kila mtoto wa ufuoni anajua hilo. Mtoto wa darasa la pili angenieleza kwa simu, bure, kama ningempigia mtu yeyote wa huko kabla sijalipia Probox.

Hapo mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikasema pesa imeshatoka, lazima turekodi kitu.

Tukamketisha yule mama kwenye kiti cha plastiki, mgongo mashariki, jua likimchomoza nyuma ya kichwa hadi uso ukawa kivuli. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu cha redio: "Je, changamoto zinazowakumba wanawake katika sekta hii ni zipi?" Akajibu, "Ni nyingi." Nikangoja. Akangoja. Nikauliza, "Je, serikali inawasaidia?" Akajibu, "Hapana." Swali la nne lilikuwa la jaboya, ule mtindo wa mwanamke kulazimika kuwa na uhusiano na mvuvi ili auziwe samaki. Niliuliza hivi hivi, kavu, mbele ya vijana wale wawili na wavu wao. Mama alijirekebisha leso. "Nyinyi wa kamera," akasema polepole, "mkitoka huko kwenu mnakuja na swali hilo mfukoni." Kisha simu iliyokuwa ikirekodi sauti ikalia. Ni mama yangu mzazi, anauliza kama nilituma pesa ya gesi.

Nimeandika "kisha" kana kwamba simu ndiyo iliharibu mahojiano. Yalikuwa yameharibika tayari.

Siku iliyofuata niliwarekodi wawili wengine, nikaunganisha, nikaweka muziki wa huzuni, nikampelekea mhariri mmoja wa kituo ambacho sitakitaja. Alinikaribisha ofisini, jambo ambalo hadi leo namshukuru. Alitazama sekunde 40. Najua ni 40 kwa sababu nilikuwa naangalia namba zikisonga chini ya picha. Akabonyeza kusimamisha, akasema, "Hapa kuna watu watatu wanaongea. Habari iko wapi?" Akachukua kikombe chake cha chai. Alikuwa na haki, lakini ile chai angeiacha kidogo. Nilishuka ngazi bila kuaga mlinzi.

Nilirudi Luanda K'Otieno baada ya majuma mawili, mwezi ukiwa umekufa. Peke yangu, kwa matatu, bila kamera. Hili ndilo jibu langu kwa dada wa Busia, na kama una haraka unaweza kuishia hapa: nenda kwanza bila kamera.

Nilianzia ofisi ya BMU, kamati inayosimamia ufuo, nikajieleza. Kisha nikamtafuta mama wa kiti cha plastiki na kumwomba msamaha kwa lile swali. Akaniambia kama sina kazi nishike upande ule wa wavu. Nikaanika naye. Omena mbichi ina baridi na utelezi, inang'aa kama sarafu mpya, na harufu yake hukaa kwenye vidole hadi siku ya tatu hata ukitumia ndimu. Kila baada ya muda anapita akiigeuza kwa mkono. Akitaka kujua kama imekauka anachukua mmoja na kumvunja: akikunjika bado, akikatika na kutoa mlio mdogo, tayari.

Jambo lililonipa ripoti yangu halikuwamo kwenye maswali 31. Saa saba hivi alisimama ghafla, akatazama wingu lililokuwa likipanda, akapiga kelele kwa Kidholuo, na ufuo mzima ukaamka. Wanawake wanakimbia na maturubai, watoto wanakunja nyavu, mzee mmoja anabeba beseni kichwani huku anacheka. Mvua ilimkuta yeye na theluthi moja ya mali bado iko nje. Tukiwa tumejibanza chini ya paa la mabati, nikamuuliza hiyo iliyolowa itaenda wapi. "Hii ilikuwa chakula cha watu," akasema. "Sasa ni ya kuku." Omena iliyonyeshewa huharibika rangi na harufu, na wengi huiuza kwa wanaotengeneza chakula cha mifugo, kwa bei ambayo hakutaka hata kuitamka.

Nikatoa karatasi iliyokuwa imefungia mandazi, nikaandika sentensi moja: Je, omena ya mama huyu leo itakuwa ya watu au ya kuku? Hiyo ndiyo ikawa ripoti nzima. Sasa ulikuwepo mwanzo, lilikuwepo wingu, na mtazamaji alikuwa na sababu ya kungoja mwisho. Linganisha na "changamoto za wanawake katika sekta ya uvuvi", ambayo ni kichwa cha semina. Ukishindwa kuandika ripoti yako kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza, hujawa tayari kurekodi. Rudi tena bila kamera.

Niliporudi na rafiki yangu, tulikuwa na karatasi iliyokunjwa katikati, kushoto picha, kulia maneno. Upande wa kushoto kulikuwa na picha 14 tu: mitumbwi ikiingia, mikono ikigeuza, omena ikikatika, wingu, turubai. Kila moja tuliishika bila kutikisika tukihesabu hadi kumi kimoyomoyo, kwa mbali kwanza, kisha kwa karibu. Anayehojiwa anaposema "mvua ilininyeshea", mtazamaji anaiona mvua, haoni mdomo. Sisi wanafunzi wa simu tunadhani mahojiano ndiyo video. Mahojiano ni sauti. Video unaitafuta mahali pengine.

Mahojiano tuliyafanya asubuhi mapema, kwa sababu mchana upepo wa ziwa huingia kwenye maiki ukasikika kama lori linalopanda Mau Summit. Simu zote ziliwekwa hali ya ndege. Mama aliketi alipozoea kuketi, kando ya beseni, jua likimwangaza shavu. Jina lake tulimwomba alitamke mwenyewe kamera ikiwa inarekodi, pamoja na kazi yake, ili baadaye tusilikosee. Maswali yalikuwa matano, na hakuna hata moja ambalo ungeweza kulijibu kwa ndiyo au hapana. La kwanza: "Nieleze ile siku ya mvua, tangu ulipoliona wingu." Aliongea dakika sita.

Na aliongea Kidholuo. Hapa nitatulia kidogo. Safari ya kwanza nilimlazimisha Kiswahili ili nisihangaike na tafsiri, nikapata mtu anayejibu kama yuko mbele ya chifu. Kwa lugha yake alikuwa mcheshi, mkali, anaiga sauti za wanunuzi. Msichana wa jirani alikaa kando yangu kutafsiri, nasi tukaweka maneno ya Kiswahili chini ya picha. Mtu kutoka Nakuru anayeogopa tafsiri asijiite ripota, abaki kurekodi harusi. (Harusi zinalipa vizuri zaidi, najua.)

Uhariri sitauzungumzia leo, ni kukaa na kuumwa mgongo. Vibali pia ulizia mapema: upigaji filamu una leseni yake chini ya Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, droni ina idhini yake kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa sura za watu, hasa watoto, kumbuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Tulimwomba mama ruhusa mara mbili, kabla na baada, maana mtu anaweza kubadili nia akishasikia aliyosema. Aliondoa sentensi moja kuhusu shemeji yake.

Ripoti ilikuwa ya dakika tatu na sekunde 50. Sikumpelekea yule mhariri. Niliiweka mtandaoni mwenyewe, na siku ya tatu ilinirudia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, imetumwa na mjomba asiyejua ni yangu, akiandika, "Tazameni kazi ya watu wenye bidii." Sikumjibu kwa saa nzima. Nilitaka aendelee kusifu.

Vijana wenzangu, mnanunua taa za pete, mnanunua vishika simu, mnabishana kamera gani ni bora, na hamjawahi kuketi nusu siku na mtu mnayetaka kumhoji. Kupanga si kuandika maswali. Kupanga ni kujua mwezi uko wapi.

Sasa dada wa Busia. Wazee hao wamehojiwa mara nyingi kuhusu jina boda boda lilivyotokana na kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Watakukariria kama shairi, na wewe utafurahi, na video yako itafanana na nyingine zote. Hiyo historia iseme mwenyewe kwa sentensi mbili. Alhamisi nenda uketi kwenye stendi yao, simu mfukoni. Angalia nani anatia upepo tairi, kwa pampu ya nani, na abiria anayekubali baiskeli wakati pikipiki imesimama hapo hapo ni nani, na kwa nini. Mwombe mmoja akubebe. Ijumaa nitumie sentensi yako moja. Hayo maswali 25 usiyachane, utayahitaji kuwekea kikombe.