Piga Hodi Kabla ya Kona

Mwisho wa Agosti tulipanda Avalanche Peak, kwenye hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Njia yenyewe fupi, kama kilomita 3.5 kwenda, ila inakupandisha zaidi ya mita 600 bila huruma. Mimi mtoto wa Moshi, nikajiona mwenyeji wa milima. Nikasahau kwamba Kilimanjaro hakuna dubu.

Kwenye mlima mkali kinachokuponza ni pumzi. Unaambiwa upige kelele ili usimshtukize dubu. Sawa, chini kule mnacheka na kusimuliana. Dakika 20 baadaye kila mtu kimya, anahema tu. Na huko juu ndiko iliko misonobari ambayo grizzly, yule dubu mkubwa wa kahawia, anapenda mbegu zake. Hahangaiki hata kuzichuma: anafukua akiba ya kuchakulo, anakula jasho la mwenzake. Ndiyo maana hifadhi inashauri watu wasipande njia hii Septemba na Oktoba.

Kwenye kona moja tukakuta kinyesi, bado kibichi, kimejaa maganda ya mbegu. Nikauliza kopo la pilipili, lile la kumpulizia dubu akikujia, liko wapi. Lilikuwa kwenye begi langu mwenyewe, chini ya sweta na chapati.

Kopo likae kiunoni au kifuani, na ujizoeze kuchomoa kizuizi chake kabla ya safari. Linarusha mita 8 au 9 hivi, kwa sekunde chache tu, kwa hiyo angalia na upepo. Kwenye ndege haliruhusiwi, hata kwenye mizigo ya chini; nunua au kodi hukohuko. Vile vikengele vya kufunga kwenye begi achana navyo, sauti ya mtu inafika mbali zaidi. Na ukiambiwa dubu hawezi kukimbia kwenye mteremko, usikubali. Anakimbia vizuri sana. Wewe usikimbie kabisa.

Tangu pale tukaweka utaratibu: kabla ya kila kona tunasimama, tunavuta pumzi tatu, kisha mmoja anapaza sauti, “Hodi! Hodi wenyewe!” Mzee mmoja tuliyepishana naye akatuuliza kama tumepotelewa na mbwa.

Dubu hatukumwona. Aliyetuitikia ni kuchakulo mmoja juu ya msonobari, tena kwa ukali, na wala hakusema karibu.