Shangazi, Wewe Ulishaondoka

Wapendwa wa nyumbani,

Sauti zenu za jana nimezisikiliza zote ndani ya basi nikienda zamu ya alfajiri. Mjomba anasema serikali imelimaliza vizuri suala la vijana walioandamana: Mswada wa Fedha wa 2024 uliotaka kuongeza kodi ulitupwa, mawaziri walifutwa, Joho wetu, gavana wa zamani wa Mombasa, akapewa Wizara ya Madini, basi tunataka nini tena? Na wewe, mwanangu, ukamjibu kwamba hubishani na mtu, kwa kuwa unakuja Ujerumani, nafasi ziko 250,000, shangazi akutafutie moja. Mmeniuliza maswali mawili. Kwangu ni swali moja, na limenikera hadi leo.

Hizo nafasi hazipo. Tarehe 13 Septemba 2024 Rais Ruto alikuwa Berlin na Kansela Scholz, mkataba wa uhamiaji ukatiwa saini, na habari ikaenea kwamba Wakenya 250,000 watachukuliwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya huku ikakanusha waziwazi: mkataba ule hauna idadi yoyote ya watu. Huko kwetu Likoni ilifika habari ya kwanza tu. Tangu hapo vijana wa mtaani wananitumia picha za vyeti usiku wa manane, na wengine wameshalipa mawakala kwa pesa za kuuza mbuzi wa mama zao.

Mimi nilikuja na diploma ya uuguzi na miaka sita ya wodini, nimezalisha wanawake usiku kwa mwanga wa simu. Huku diploma haisomwi mpaka mamlaka ya jimbo iilinganishe na mafunzo yao. Walinijibu kwa barua ya kurasa nyingi ikihesabu saa ninazopungukiwa. Mpaka nizifidie, na Kijerumani kifike B2, kiwango cha nne katika ngazi sita zinazoanzia A1, mimi ni msaidizi. Miaka miwili nilivaa kibandiko cha msaidizi kifuani katika nyumba ya wazee. Naosha, nageuza, nalisha, nabadilisha nepi. Siku moja bibi mmoja sukari ilimpanda, nikashika kalamu ya insulini, na binti wa miaka ishirini akaniondolea mkononi mbele ya wagonjwa wote: hujaruhusiwa. Alikuwa sahihi kwa sheria yao. Nilikwenda chumba cha kufulia nikalia mpaka mashine ikamaliza mzunguko. Sijawahi kuwaambia, kwa sababu mwezi ule mlisema pesa imeingia kwa wakati, na mlifurahi.

Sasa Juni. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni na risasi zikalia Nairobi, nilikuwa katika chumba kilekile cha kufulia na simu mkononi. Wewe ulikuwa mjini Mombasa na hukushika simu tangu saa nane mchana. Usiku ulipopokea, nilikufokea ukae nyumbani. Ukaniambia: shangazi, wewe ulishaondoka. Mwanangu, neno hilo silitoi moyoni. Ni kweli niliondoka. Mkataba wangu wa kazi ulipoisha bila kuongezwa sikuandamana, sikusema kitu, nilijaza fomu za viza.

Kwa hiyo Mjomba, nakujibu kama mtu aliyekimbia, si kama shujaa. Rais alikataa kuutia saini mswada tarehe 26, hilo namhesabia. Lakini wakati huo maiti zilikuwa tayari mochari. Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu baadaye ilihesabu watu wasiopungua 60 waliokufa katika maandamano ya mwaka ule. Julai hiyohiyo ada ya barabara kwenye mafuta ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Muulize mwanangu huyu, mwendesha boda, nani anailipa. Desemba baadhi ya mapendekezo ya ule mswada yakarudi katika sheria nyingine ya kodi. Joho alipoapishwa nami nilifurahi, sitasema uongo, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Mpwani wa kwetu yuko mezani! Nikangoja. Wenzake wa upinzani nao waliingia: Mbadi alipewa Hazina, Wandayi Kawi, Oparanya Ushirika, na Machi 2025 kiongozi wao Raila na Ruto wakatia saini mapatano. Wakubwa walipatana. Waliouliza bei ya unga na ndugu zao waliotekwa wako wapi hawakuwa kwenye mapatano hayo. Halafu Saba Saba, maandamano ya tarehe 7 Julai 2025, watu zaidi ya 30 wakafa kwa siku moja, na Rais akasema anayechoma mali ya wenzake apigwe risasi ya mguu. Hapo ndipo mimi na wewe, Mjomba, tunapoachana.

Kinachoniuma zaidi ni huu mpangilio. Juni kijana anauliza kwa nini hana kazi. Septemba anaonyeshwa ndege. Mwaka 2024 sisi tulio nje tulituma nyumbani dola bilioni 4.9 hivi, na serikali inazitaja kama mafanikio yake. Hizo ni mbavu zetu. Ni mgongo wangu ulioinua wazee wa kilo tisini, ndizo karo ya Mwanaisha na dawa za Mjomba. Serikali iliyoulizwa kazi isijibu kwa kutufungulia mlango wa kutokea.

Mwanangu, usije. Baridi utaizoea, upweke hutauzoea, na Januari jua linazama hujatoka kazini. Usiuze pikipiki. Usimpe wakala hata shilingi.

Lakini ningekuwa na miaka yako ishirini na tatu, ningekuja tena, na siwezi kukuficha. Mwaka jana nilifaulu mtihani wa mwisho, sasa ni muuguzi kamili, na mshahara huu nisingeuona kwetu. Basi kama lazima uje, njoo kwa mafunzo ya kazi, uwe na lugha mdomoni kabla ya tiketi. Anza A1 mwezi huu. Ada ya kozi na mtihani nitalipa mimi, moja kwa moja shuleni, si mkononi mwako.

Na barabarani usiende. Mama yako ana mtoto mmoja wa kiume. Nimeandika hivyo na mkono umesita, maana waliokwenda ndio walioutupa mswada ule, si mimi niliyekuwa nikifua mashuka. Kitambulisho unacho, kituo cha kuandikishia wapiga kura nenda wiki hii, na mchukue Mwanaisha.

Mjomba, usinikasirikie. Nipigie Jumapili baada ya adhuhuri, niko mapumziko. Na uniambie kama zile pesa za dawa za Ijumaa zilifika, maana hukusema.