Kutu ya msuka usiiguse

Ukipata upanga mkongwe wa Kijapani wenye kutu, weka chini msasa. Kutu ya kwenye bapa ni kazi ya togishi, fundi aliyefunzwa kusugua panga kwa mawe. Ya msuka, kile chuma kinachoingia ndani ya mpini, haiondolewi na yeyote. Weusi ule ndio umri wa upanga: kutu ya karne nyingi ni nyeusi, laini, imeshikamana na chuma, ile changa ni nyekundu na hubaki kidoleni. Hapohapo pana alama za tupa na jina la fundi aliyeufua upanga, ambavyo mtaalamu huvisoma pamoja na rangi ya kutu. Msuka uliosuguliwa ukang'aa umepoteza ushahidi wake, na hakuna wa kuurudisha. Jina peke yake usiliamini. Majina ya mafundi wakubwa yameghushiwa tangu enzi na enzi.

Kuuona msuka, toa mekugi, kijiti cha mwanzi kinachoufunga mpini. Kina ncha nyembamba na ncha nene. Kigonge kutoka upande mwembamba, la sivyo kitazidi kukaza. Shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama ukiinama kidogo, kisha piga kifundo cha mkono huohuo kwa ngumi ya kulia. Anza taratibu, maana msuka uliolegea huruka. Kijiti chenye ufa kibadilishe; ndicho pekee kinachozuia upanga usichomoke.

Kwenye bapa, futa mafuta ya zamani kwa tishu isiyo na manukato, ukiikunja juu ya mgongo wa upanga, kutoka mpinini kwenda nchani. Usirudi nyuma, na usiguse chuma kwa kidole: jasho lina chumvi, na alama ya kidole huota kutu.

Kisha mafuta mapya. Wajapani huyaita choji, yaani karafuu, na hapa wengi wetu hukosea. Yale ya chupani leo kwa kawaida ni mafuta mepesi ya madini yenye karafuu kidogo tu ya harufu. Mafuta matupu ya karafuu, yale ya kutuliza jino, si mbadala wake. Matone mawili matatu kwenye kitambaa laini yanatosha upanga mzima. Yakichuruzika yamezidi: yatalowesha ala, yatashika vumbi, na kila ukichomoa vumbi hilo litachora mistari kwenye bapa. Rudia kila miezi mitatu hadi sita, mapema zaidi penye unyevu kama pwani.

Wakati wa kuchomoa na kurudisha, makali yaelekee juu ili upanga uteleze kwa mgongo wake. Ukiuingiza kwa ubavu, bapa husuguana na mti, na makali huikata ala kwa ndani.