Jibu: miwani ya VR kwa mwenye PS5 na laptop, ninunue au niache?

Mkuu mleta mada, swali lako kwa kifupi: una PS5, una laptop yenye kadi ya grafiki ya RTX 3060, unacheza zaidi EA FC ya mpira na Gran Turismo 7 ya mbio za magari, na unataka kujua kama miwani ya VR, ile inayokuweka ndani ya gemu pande zote, itakupa raha au itaishia juu ya kabati. Nianze na mpira. EA FC haina VR. Kama saa zako nyingi ni za mpira, hela hiyo nunulia pedi ya pili uwaite washikaji. Gran Turismo 7 ndiyo inayolipa swali lako uzito. Tangu Februari 2023, PSVR2, miwani ya Sony ya PS5, ilipoingia sokoni, gemu hiyo inachezeka karibu yote ndani ya miwani bila kulipia nyongeza. Kilichoachwa nje ni ule uchezaji wa watu wawili kwenye kioo kimoja. Ukikaribia kona kali unageuza shingo kuitafuta njia ya kutokea kabla gari halijafika, unaona jirani anavyokubana ubavuni, na umbali wa kufunga breki unaupima kwa jicho kama barabarani. Kwenye TV hayo unayakisia tu. Kwa gemu za magari na ndege mashaka yangu ni madogo sana. Kwa mengine tuongee.

Kuna aliyechangia hapo juu akasema VR ni upuuzi, kisha akaeleza kuwa alijaribu lile ganda la plastiki la kutumbukiza simu, yale yanayouzwa Kariakoo Dar na Luthuli Nairobi. Hilo halipimi chochote. Simu inajua kichwa kimegeukia wapi, haijui kimesogea kiasi gani. Ukiinama kuchungulia chini ya meza, dunia nzima inainama nawe, na tumbo ndilo linalolipa. Miwani kamili ina kamera zinazosoma chumba, kwa hiyo ukisogea mbele sentimita tano, picha nayo inasogea sentimita tano. Google wenyewe waliachana na Daydream, mfumo wao wa VR ya simu, mwaka 2019.

Picha. Wengi wanaposikia namba za pikseli wanategemea ukali wa TV. Haiwezekani, kwa sababu pikseli za miwani zinatandazwa kwenye upana wa karibu nyuzi 100 mbele ya macho, wakati TV ya sebuleni inachukua nyuzi 30 au 40 tu. Quest 3, miwani ya kampuni ya Meta, ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, na hiyo ni kama pikseli 25 kwa kila nyuzi. Jicho zima linaweza kutofautisha kama 60. Ndiyo maana maandishi madogo na gari lililo mbali huonekana yamelainika. Quest 2 na Quest 3S, zenye 1832 kwa 1920, ziko chini kidogo ya hapo. PSVR2 ina 2000 kwa 2040 na vioo vya OLED, ambavyo kila pikseli inajizima yenyewe, hivyo usiku unakuwa usiku kweli, mbio za gizani zinapendeza kuliko kwenye Quest hizo. Udhaifu wake ni lenzi: ni zile zenye miduara, ukali uko katikati tu, na ukiivaa imepinda milimita chache kila kitu kinakuwa na ukungu. Malalamiko mengi kwamba picha ya PSVR2 ni mbovu yanatokana na uvaaji. Mkanda wa nyuma ushuke chini ya kisogo, kwenye ule uvungu, ndipo ukaze. Kisha ipandishe na kuishusha miwani usoni taratibu huku ukisoma neno moja la menyu hadi likae sawa.

Kabla ya hapo pima umbali kati ya mboni zako. Simama mbele ya kioo, weka rula chini ya macho, fumba jicho la kulia ulinganishe sifuri na mboni ya kushoto, kisha bila kusogeza kichwa fumba la kushoto usome mboni ya kulia. Watu wazima wengi huangukia karibu milimita 63. Quest 2 na 3S zina vituo vitatu tu, 58, 63 na 68. Mwenye 71 akilazimisha 68 anaweza kuumwa kichwa na kudhani VR imemkataa. Quest 3 ina gurudumu la kurekebisha taratibu, na hapo ndipo sehemu ya bei yake ilipo. Wavaa miwani ya macho: fremu pana kuliko milimita 142 haiingii vizuri ndani ya Quest 2, na kioo cha miwani yako kikigusa lenzi, vyote viwili vinachubuka. Weka kile kipande cha kuongeza nafasi kinachokuja kwenye boksi.

Sasa kichefuchefu, maana hiki ndicho kinachopeleka miwani nyingi kabatini. Macho yanaona unakwenda, sikio la ndani linasema umekaa kitini, na nadharia moja inasema ubongo unauchukulia mgongano huo kama dalili ya sumu. Kwa hiyo kinachoumiza ni mwendo ambao mwili haukuufanya: kutembea kwa joistiki, kugeuzwa, kupanda na kushuka milima. Beat Saber, ambayo umesimama mahali pamoja unakata matofali, karibu haimsumbui mtu. Half-Life: Alyx, gemu ya risasi ya kompyuta, inakuruhusu kuruka kutoka sehemu hadi sehemu badala ya kutembea, nayo ni nyepesi. Gran Turismo iko katikati, kwa sababu kabini ya gari inayapa macho kitu kilichotulia, lakini kugongwa, kuzunguka na kurudi nyuma kunachokonoa tumbo.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Wiki ya kwanza, dakika 10 hadi 15, basi. Chagua barabara tambarare na gari la kasi ndogo. Kwenye gemu za kutembea, weka kugeuka kwa hatua za nyuzi 30 au 45 badala ya kugeuka kwa mfululizo, na washa ule utando mweusi unaobana kingo za picha unapotembea. Elekeza feni usoni. Inapoza, na pia mwili unajua mbele ni wapi. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Dalili za mwanzo ni miayo, mate kujaa mdomoni na jasho la ghafla: vua hapohapo. Kujikaza ndilo kosa kubwa. Ukitapika mara mbili, ubongo unajifunza kuichukia miwani, na siku ya tatu harufu ya sponji yake tu itakukoroga. Wapo wachache ambao hawazoei kamwe, kwa hiyo jaribu ya mtu nusu saa kabla ya kununua, na ujaribu gari. Beat Saber itakudanganya.

Fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, nazo zinaingia humuhumu. Kwa 90 kwa sekunde, laptop ina milisekunde 11 kuchora fremu moja kwa macho mawili. Quest 3 kwa ukubwa wake kamili ni pikseli milioni 9.1 kwa fremu, yaani milioni 820 kwa sekunde. Kioo cha kawaida cha 1080 kwa fremu 60 kinadai milioni 124. Mara sita na nusu, na bado hujahesabu ziada inayochorwa kufidia mpindo wa lenzi. RTX 3060 ya laptop itaendesha Alyx vizuri (gemu yenyewe inataja GTX 1060 kama kiwango cha chini), lakini gemu nzito za ndege itabidi uzishushe hadi fremu 72 kwa sekunde (Hz 72) na upunguze ukubwa wa picha. Ikishindwa, programu huchora nusu ya fremu na kubuni zilizobaki, ndipo unaona kingo za vitu zinayumba kama maji. Hata Gran Turismo yenyewe kwenye PSVR2 huchora 60 na miwani kuzizidisha hadi 120, na ukitazama pembeni kwa makini utaona kivuli kinafuata.

Kuunganisha Quest na laptop bila waya: laptop iingie kwenye ruta kwa waya wa LAN, miwani ishike Wi-Fi ya 5 GHz, na ruta iwe chumba kilekile. Ukuta mmoja wa tofali unatosha kuharibu kila kitu. Ruta ndogo za laini ya simu zenye 2.4 GHz pekee usihangaike nazo. Kasi ya kutuma picha anza na megabiti 100 kwa sekunde, ongeza taratibu. Picha ikianza kuganda kila baada ya sekunde chache, rudi nyuma. Mkondo huu hauli bando, unazunguka ndani ya nyumba. Bando litaliwa na gemu zenyewe na masasisho ya siku ya kwanza, kwa hiyo usiwashe miwani mpya ukiwa na GB mbili. Ukitumia waya, uwe wa USB 3, na ujue kuwa tundu la laptop huenda lisiipe miwani umeme wa kutosha: chaji itapungua polepole hata ikiwa imechomekwa. Bila waya, Quest 3 inakaa kama saa mbili na dakika kumi.

PSVR2 kwenye laptop ni habari nyingine. Adapta yake ilitoka Agosti 2024 kwa dola 59.99, inahitaji DisplayPort 1.4 iliyounganishwa na kadi ya grafiki yenyewe. Laptop yenye HDMI tu haikubali. Yako ikague kabla ya kuota.

Joto la kwetu lina adabu zake. Lenzi zitaingia mvuke dakika tano za kwanza Dar au Mombasa. Iwashe miwani iache ipate moto kidogo kabla ya kuvaa. Sponji ifunike kwa silikoni inayooshwa. Lenzi futa kwa kitambaa kikavu cha miwani, spiriti isiziguse. Na panga boi: ukinyanyua mkono na pedi chini ya dari fupi, panga boi haliko kwenye mipaka uliyochora sakafuni. Lizime. Umeme ukikatika usiku kamera zinapofuka, mikono yako inaelea hewani, hiyo si hitilafu.

Wasiwasi kwamba teknolojia hii itakufa nauelewa. Miwani ya Rift na Vive ilitoka 2016 na tukaambiwa TV zimekwisha. Mwaka 2024 Sony waliifunga studio yao ya London na Meta wakaifunga Ready at Dawn, na kitengo cha Meta kinachotengeneza miwani kilipoteza dola bilioni 17.7 mwaka huohuo. Mimi sioni kifo, naona soko dogo ambalo gemu kubwa zitaendelea kuja moja moja. Hatari ya kweli kwa mnunuzi wa hapa ni programu kuondolewa. Windows 11 toleo la 24H2 iliondoa Windows Mixed Reality, mfumo wa Microsoft wa kuendesha miwani ya VR, na miwani nzuri kabisa kama HP Reverb G2 haitambuliki humo kwa njia ya kawaida. Ukiiona mtumba kwa bei ya kutupa, sababu ni hiyo. PSVR ya kwanza pia iache. Gemu zake hazichezeki kwenye PSVR2.

Kwako wewe: kama Gran Turismo ndiyo roho, PSVR2, ambayo bei rasmi ilishuka hadi dola 399.99 Machi 2025. Kama unataka kujaribu vitu vingi na laptop itumike, Quest 3S, iliyotoka 2024 kwa dola 299.99. PlayStation haina duka rasmi la mtandaoni la Tanzania wala Kenya, hivyo kadi ya zawadi iwe ya nchi ya akaunti yako.

Ukinunua mtumba, fungua picha nyeupe tupu na utazame jicho moja moja. Doa la njano au mstari mweusi maana yake jua liliingia kupitia lenzi; zinakusanya mwanga kama kioo cha kukuzia na kuunguza kioo cha ndani kwa muda mfupi mno, na hakitengenezeki. Achia joistiki zote mbili uone kama menyu inatembea yenyewe. Chomeka chaja. Kisha muuzaji afute kila kitu mbele yako, uingize akaunti yako mwenyewe hapohapo kwa simu yako, ndipo utoe hela.