Bosi Akikuachia Funguo za Nyumba, Soma Hii Kwanza

Juzi usiku dada mmoja wa Bagamoyo kaniandikia. Bosi wake anasafiri wiki mbili, kamwomba akalale kwake, aangalie nyumba na kulisha paka wawili. "Kaka, nikubali? Naona ni heshima kubwa." Nilipofika kwenye neno heshima nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Na mimi niliiita heshima, Juni 2022, hapahapa Tanga.

Wakati huo nilikuwa karani kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Bosi na mkewe walikuwa wanakwenda Hija. Nyumba yao iko Raskazone, ghorofa, ukikaa baraza ya juu unaiona bahari na kisiwa cha Toten. Mlinzi alikuwa kaacha kazi, binti wa kazi kapewa likizo kwao Korogwe. Mzee akaniita, akafunga mlango, akanisukumia funguo juu ya meza. "Wewe ndiye ninayekuamini." Ofisini tulikuwa tisa. Mimi nakaa Ngamiani, chumba kimoja Barabara ya 14, choo tunachangia familia nne. Ningesema nini? Malipo hayakutajwa na mimi sikuuliza, maana ningeuliza ningeonekana nina njaa. (Kumbukeni hilo neno njaa, litarudi.)

Wiki mbili za kwanza hazina hadithi. Nilimwagilia maua, nikalala, asubuhi nikapanda baiskeli kwenda kazini. Nakiri nilijipiga picha barazani nikaiweka stetasi bila maelezo, watu wajaze wenyewe.

Jumatano ya tarehe 6 Julai rimoti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ikaanza kulia. Nikanunua umeme wa 20,000 kwa hela yangu. Uniti moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 356 ukijumlisha na makato, kwa hiyo nikapiga hesabu ya uniti 56. Friji, friza, pampu ya maji na kiyoyozi cha chumba nilicholala (ndiyo, nilikiwasha, nani asingekiwasha?) vilikuwa vinakula kama uniti nane kwa siku. Nikasema hii ni wiki nzima. Nikasimama pale ukutani na tochi ya simu, nikabonyeza tarakimu zote 20, rimoti ikakubali, nikarudi kwenye ugali wangu. Meseji yenyewe sikuisoma. Nilinakili tokeni tu.

Sasa sikilizeni kitu ambacho wapangaji wengi hatukijui kwa sababu mita siyo yetu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU kila mwezi, na unayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye inayekukuta. Nyumba ya kawaida ilikuwa 1,000 kwa mwezi. Ghorofa la mjini lilikuwa 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500. Nyumba ya Mzee ina sakafu mbili, basi 10,000 ikakatwa palepale, nikabaki na uniti 28. Mimi wa Barabara ya 14, choo cha familia nne, nimelipia ghorofa la Raskazone kodi ya serikali!

Jumamosi nikapanda gari kwenda Lushoto kula Idi na mama. Sikumuaga mtu, nani wa kumuaga? Kwa hesabu zangu umeme ulikuwa wa kufika Jumanne. Kwa hesabu za mita ulikatika Jumamosi usiku. Nikarudi Jumatatu jioni.

Harufu ilinipokea kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Jikoni maji yalikuwa yametambaa kutoka chini ya friza hadi kwenye mkeka wa mlangoni, yana wekundu wa mbali, na sisimizi wamejipanga pembeni yake bila kuyakanyaga. Friza iliyojaa, usipoifungua, hushika baridi kama siku mbili. Ikiwa nusu, siku moja tu, na ile ilikuwa nusu. Kolekole, ngisi, mifuko ya nazi iliyokunwa, vyote vimelala kwenye supu moja. Chini kabisa, ndoo ya kamba wakubwa ambao Mama, mke wa Mzee, aliwaweka kwa ajili ya wageni watakaokuja kuwapokea wakitoka Makka. Kamba akiharibika kichwa kinakuwa cheusi, na ukimshika anateleza kama kipande cha sabuni. Niliwatoa mmoja mmoja kwa mkono, usiku, kwenye giza, kwa sababu hata hela ya kununua umeme mwingine ilibidi nikaikope.

Hapa ndipo pa kuungama. Simu ya Mzee ilikuwa inapatikana, tulikuwa tunaongea kila Ijumaa. Ningempigia nikasema, Mzee, umeme umekatika, vitu vimeharibika, nisamehe. Sikupiga. Nilisugua friza kwa ndimu na majivu mpaka vidole vikachubuka, alfajiri nikaenda soko la samaki la Deep Sea na hela ya kodi ya chumba changu. Kamba wakubwa hawakuwepo siku hiyo. Nikachukua wa kati, nikawapanga kwenye ndoo ileile, wakaganda, nikajiona nimemaliza.

Waliporudi, Mama alifungua friza kabla hata ya kuvua mtandio. Akaitazama ile ndoo. "Kamba wangu walikuwa hivi," akapima kwenye kiganja chake. Mimi kimya. Mzee akacheka. "Muache, bibie, kijana alikuwa na njaa." Wote wakacheka. Mimi nikacheka nao, na kucheka kule ndiko kunakoniuma mpaka leo, kuliko kamba na kuliko ile 20,000.

Ofisini nikawa Bwana Kamba. Hilo ningelivumilia. Lakini nilikuwa ndiye ninayeshika ufunguo wa stoo miaka mitatu, na Jumatatu moja nikaukuta kwa mwenzangu, umening'inia kwenye lanyadi shingoni mwake. Hakuna barua, hakuna aliyesema neno. Ukituhumiwa rasmi unajitetea rasmi. Ukituhumiwa kwa mzaha unajitetea wapi? Novemba nikaondoka mwenyewe. Leo nina ofisi yangu na vijana watatu, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwomba akalale kwangu, ingawa mwaka jana tulisafiri siku kumi. Nilimlipa mlinzi.

Basi dada yangu wa Bagamoyo, na wengine wote mnaopanda ngazi kama nilivyokuwa napanda mimi: kubali ukitaka, lakini andikishaneni. Siku ya kupokea funguo pita naye chumba kwa chumba, mwambie, bosi, naomba tuandike. Fungua friza mbele yake, piga picha. Piga picha mita. Uliza umeme na maji nani analipa, tena muulize yeye mwenyewe, usiulize moyo wako. Uliza kama unaruhusiwa kulala nje hata usiku mmoja, na ukilala nje nani ashike funguo. Mtaona kama mnamdai bosi. Hapana, bosi mwenyewe bandarini hapokei hata boksi la misumari bila karatasi, iweje akukabidhi nyumba nzima kwa mdomo? Na kikiharibika kitu, sema siku hiyohiyo. Hasara ya kamba ni ya kamba tu, ukiificha inageuka kuwa hasara yako wewe. Narudia, andikeni. Vijana wa siku hizi tunaona aibu kuandikishana na wakubwa, tunadhani imani inavunjika, kumbe tunajichimbia wenyewe. Tunapenda mno kuambiwa "wewe ndiye ninayekuamini". Mimi nililipwa kwa sentensi hiyo moja, nikalala nayo wiki nne.

Na msome meseji za LUKU hadi mwisho, jamani.

Nasema hivyo huku najicheka. Desemba iliyopita nilinunua umeme wa nyumbani kwangu, usiku, nimechoka, nikagusa namba ya mita iliyohifadhiwa kwenye simu. Rimoti ikaikataa tokeni. Nikarudia polepole, ikakataa. Mara ya tatu mke wangu akanipokonya simu, akaisoma ile meseji kwa sauti kuanzia juu: jina la Mzee, hela niliyolipa, na chini yake makato ya kodi ya jengo. Akasema nimpigie nimpe zile namba, angalau aziingize. Bado zipo kwenye simu, tarakimu 20. Sijampigia.